Ng'ombe wa Salamu

Kwa miaka mingi jamaa zangu waliicheka kazi ninayoipenda kuliko zote. Ninafundisha historia katika shule moja ya sekondari huko Bagira, na siku ambazo sina kipindi napanda vilima vya kando ya Bukavu kuwauliza wazee maswali. Nani alikuwa wa kwanza kufyeka hapa? Kinamasi hiki kilikaushwa na nani? Kwa nini ukoo huu hauoi kwa ukoo ule? Nimechapisha vitabu viwili vyembamba juu ya mambo hayo. Walionunua ni mapadri, pamoja na wanafunzi waliodhani vitaulizwa kwenye mtihani. Wanafunzi hao wananiita Papa Zamani. Mke wangu huwaambia wageni kwamba mumewe anajua habari za kila shamba la Kivu, na yeye mwenyewe hana hata shina moja la muhogo.

Mama mdogo naye alikuwa akicheka pamoja nao, hadi asubuhi aliyokuja kwangu akiwa na tope mpaka magotini. Ni mdogo wake mama yangu, mjane, na alikuwa akiishi juu ya kilima kimoja kando ya barabara ya Nyangezi. Kilima chenyewe sitakitaja, kwa sababu watu wake bado wanalazimika kusalimiana. Alikaa kwenye kiti cha karibu na mlango, akakataa chai.

"Mutoto wangu," alisema, "banataka kuniondosha."

"Nani?"

"Kuna papa wa mjini. Anasema aliuza shamba yangu."

"Alinunua, mama."

"Alinunua, aliuza, kwangu ni moja. Iko na pima na kamba."

Nilimtaka aanze mwanzo. Chifu wa zamani wa kilima kile alikuwa amekufa, na kijana wake akakalia kiti. Kabla msiba haujaisha vizuri, mdogo wa marehemu aliuza mteremko mzima unaotazama barabara. Aliyenunua alikuwa mfanyabiashara wa mjini anayeuza saruji na mabati, na alitaka kujenga. Ndani ya mteremko huo lilikuwamo shamba la mama mdogo. Alikuwa amelilima tangu aolewe hapo, akalea kwa shamba hilo watoto ambao sasa wametawanyika mbali, na baada ya mumewe kufia kwenye machimbo ya dhahabu huko Mwenga hakuwa na kitu kingine duniani.

"Wewe njo unajua mambo ya zamani," aliniambia. "Leo itumikishe."

Kwa mara ya kwanza mtu wa nyumbani alikuwa anahitaji kile ninachokijua. Nakumbuka nilikwenda kujinawa uso, nikarudi, nikamwambia asiogope. Kweli niliamini hakuna haja ya kuogopa.

Sababu ni hii. Kwetu ardhi ina maneno mawili. Kalinzi ni ng'ombe anayetolewa kwa chifu mbele ya mashahidi. Ukishamtoa, shamba ni lako, ni la mwanao, ni la mjukuu wako. Bwasa ni kuazimwa. Unalima, unatoa kile mlichopatana, na siku mwenye shamba akilitaka unafunga vitu vyako. Watu hawahitaji karatasi kujua shamba fulani ni la aina gani. Wanatazama migomba. Aliyeazimwa haruhusiwi kupanda kitu kinachokaa ardhini mwaka hadi mwaka. Hapandi mgomba, wala kahawa, wala mti. Anapanda maharagwe na viazi vitamu, basi. Kwa hiyo mpita njia akiona migomba anajua kwamba hapa ng'ombe alitoka, na akiona maharagwe peke yake anajua kwamba hapa mtu amekaa kwa muda.

Shamba la mama mdogo lilikuwa na migomba tangu enzi za baba mkwe wake. Nilipokuwa mtoto nilicheza humo. Tulikuwa tunaiba ndizi zinazoivishwa kwa ajili ya pombe, tunaharisha, tunapigwa. Nilikuwa nafikiria migomba hiyo wakati nikimwambia asiogope, nikasahau kwamba haipo tena.

Ugonjwa ndio ulioiondoa. Uliingia vilimani miaka michache iliyopita. Majani yananyauka, ndizi zinaiva kabla ya wakati na ndani zimeoza, ukikata shina linatoa usaha wa njano. Wataalamu wa kilimo walipita wakiwaambia watu wang'oe kila mgomba ulioambukizwa pamoja na jirani zake, wachimbe mpaka mizizi, wafukie, na wapitishe panga kwenye moto. Watu wengi waliitikia vizuri mkutanoni, wakarudi nyumbani wakaacha migomba yao ife yenyewe taratibu. Mama mdogo ni mtu wa kutii. Alichimba wiki nzima na mabinti wa jirani, hakuacha hata kisiki. Kisha akapanda maharagwe, kwa kuwa aliambiwa angoje kabla ya kurudisha ndizi.

Siku ya baraza la kwanza nilimsindikiza. Tulikutana kwenye baraza ya nyumba ya chifu, chini ya bati. Chifu alikuwa kijana mpole, mwenye shati lililopigwa pasi vizuri. Alisomea mjini na alirudi kilimani kwa ajili ya kiti tu. Kando yake walikaa wazee wawili washauri. Mnunuzi alikuja na buti mpya za mpira ambazo zilikuwa bado hazijakanyaga tope. Hakuwa mtu wa upande wetu. Aliomba kesi isemwe kwa Kiswahili, si kwa lugha yetu ya Mashi, ili wote wasikie, na chifu akakubali upesi. Nilidhani ni ombi la haki.

"Chef, miye sitaki kelele," mnunuzi alisema. "Nilipewa hii uwanja na benye iko yabo. Mama abakie na maharagwe yake mpaka ivune, miye si munyama. Lakini mutu aniambie kitu moja. Ndizi iko wapi?"

Mama mdogo alisimama kabla ya kuitwa.

"Ndizi ilikufa! Balituambia tung'oe, miye nikang'oa! Bale bote munaona na ndizi leo, njo bale balikataa kung'oa!"

"Eh, mama, usituingize mu kesi yako!" sauti moja ilipazwa kutoka nyuma, na watu wakacheka. Wapo waliocheka wakitazama chini. Kutoka pale tulipoketi niliiona migomba yao ikiwa imesimama na ugonjwa wake, majani yamening'inia kama nguo zilizolowa, na hakuna mtu aliyekuwa na swali juu ya mashamba yao.

Jirani mmoja mwanamke alikuwa na moyo wa kusimama. Alisema ndizi zilikuwapo, yeye mwenyewe alikunywa kasiksi, pombe ya ndizi za shamba lile, mpaka ikamwangusha. Watu wakacheka tena. Chifu alimshukuru, kisha akasema jambo ambalo, nikilifikiria leo, halikuwa la kijinga.

"Ndizi, mutu anaweza iba usiku akapanda. Baba yangu alikuwa anafukuza benye kupanda ndizi mu bwasa. Sisemi mama aliiba. Nasema, ndizi ama hakuna ndizi, kitu inasema ni ng'ombe. Nileteeni mutu mwenye aliona ng'ombe."

Akatupa muda mpaka baraza lijalo.

Tukiteremka kilima nilihesabu kichwani waliokuwa hai siku ng'ombe yule alipotolewa. Mume amekufa. Baba mkwe naye alikufa zamani, na kwa vile alikuwa katekista alizikwa kwenye makaburi ya parokia, si shambani, hivyo hata kaburi hatukuwa nalo la kuonyesha. Chifu aliyempokea ng'ombe ndiye babu wa huyu kijana. Mama mdogo aliolewa baadaye. Nilipofika kwenye barabara kubwa nilimkumbuka mzee mmoja wa Kasha, nikapata nguvu mpaka nikaanza kutembea haraka, mama mdogo akaniambia nisimwache nyuma.

Mzee huyo alizaliwa kilimani kule. Vita vilimleta mjini, na sasa alikuwa akiishi kwa binti yake huko Kasha, juu kabisa ya mteremko, pale nyumba zinapoanza kuchanganyika na mashamba. Nilikuwa nimemtembelea mara nyingi kumuuliza juu ya njia za ng'ombe za zamani, na siku moja, katikati ya habari nyingine, aliniambia kwamba katika ujana wake alimsindikiza rafiki yake kumpeleka kwa chifu ng'ombe mwenye baka jeupe kwenye paji la uso. Rafiki huyo ndiye aliyekuja kuwa baba mkwe wa mama mdogo.

Nilimkuta amekaa mlangoni, kofia kichwani, miguu juani. Binti yake alikuwa anapanga nyanya kwenye meza ya kuuzia.

"Prof!" alisema akisikia sauti yangu, maana macho yalikuwa yamepungua. "Umekuja tena kuniiba kichwa? Umebakisha nini humu ndani?"

Nilimweleza yote. Alisikiliza kwa makini, akatikisa kichwa aliposikia mdogo wa chifu ameuza mteremko. Kisha akaanza kusimulia tena habari ya ng'ombe, na haikubadilika hata kidogo. Mvua ilinyesha njiani. Ng'ombe aligoma kuvuka kijito, wakamsukuma wawili. Walipofika, rafiki yake alisimama mbele ya chifu, kamba mkononi, akamlamusa.

"Akalamusa?" niliuliza. Kulamusa kwa Mashi ni kusalimia.

"Akamulamusa chef na ile ng'ombe. Chef akaitika. Bakaleta pombe, tukakunywa. Njo hiyo."

"Muzee, siku ya kesi useme hivi: alitoa kalinzi. Useme alilipa shamba."

Aligeuza uso kuelekea upande wangu kama mtu aliyesikia harufu mbaya.

"Alilipa? Alimulipa chef? Chef ni muuza nyanya?"

"Papa," binti yake akasema bila kuacha kazi, "nyanya ilikukosea nini?"

"Miye siko nasema mubaya ya nyanya yako. Niko nauliza huyu mwalimu. Mutu anasimama mbele ya chef, anasema, chukua kalinzi yako, nipe shamba yangu? Kama mu soko? Iyo njo kutukana. Kalinzi batu balikuwa banaisema ku nyuma, bakirudi kwabo. Mbele ya chef, mutu analamusa. Bote bako banajua ni nini."

Lazima niseme kwamba moyo wangu uliruka kwa furaha. Kwa miaka yote ya kuuliza, hakuna aliyekuwa ameniambia hilo, kwamba neno lenyewe halikutamkwa mahali lilipotendeka. Furaha hiyo ilidumu kiasi cha kuvuta pumzi. Baada yake nilimkumbuka chifu na swali lake.

"Lakini shamba, muzee? Chef alisema nini juu ya shamba?"

"Siku ile? Hapana! Iyo ingekuwa haya. Shamba inaonyeshwa kesho yake. Mutu wa chef anatembea na mwenye kulamusa, anamuonyesha mipaka."

"Na uliona akionyeshwa?"

"Miye nilirudi kwetu jioni ile ile. Siyezi sema kitu sikuona."

Nilimsihi. Nilimwambia zamani hizo zimepita, kwamba chifu wa leo ni kijana, kwamba atasikia kusalimia na atadhani ni kusalimia. Nilimwambia akubali angalau kuongeza neno moja, aseme salamu hiyo ndiyo kalinzi. Alinicheka kwa upole.

"Ni mujukuu wa yule chef, Prof. Hiyo baba yake alishamufundisha. Mutoto wa mu nyumba ya chef hajue kulamusa? Wewe njo unaogopa juu unajifunza mambo mu vitabu."

Nilirudi tena juma lile. Nilimpelekea sukari, nikamsihi upya. Alipokea sukari, akabaki palepale. Binti yake alinisindikiza mpaka njiani akaniambia, "Prof, unamuchokesha. Papa hata padri hajamubadilisha maneno." Nilifikiria kwenda kwa mshauri mmojawapo wa chifu kumweleza mapema, lakini mama mdogo alinizuia. Alisema watu watasema tunanunua kesi, na mwenye uwezo wa kununua kesi alikuwa mwingine.

Siku yenyewe tulimpandisha mzee kwenye pikipiki, yeye katikati, mimi nyuma nikimshika kiunoni. Alikuwa amevaa koti zito na viatu vya Jumapili. Kwenye kizuizi cha barabarani wenye bunduki walitusimamisha, kama wanavyosimamisha kila mtu tangu vita vilipoingia mjini, wakauliza tunampeleka wapi mzee wa watu.

"Naenda kusema ukweli," mzee alijibu.

"Ukweli?" askari alimtazama mwenzake. "Pita. Hiyo haina taxe ya kulipa."

Barazani watu walikuwa wengi kuliko mara ya kwanza. Mama mdogo alikuwa amevaa kitenge cha misa. Mzee alipopandishwa, mshauri mmoja, aliye mkubwa wa umri, alisimama kumpa mkono, wakashikana kwa muda mrefu wakitajiana majina ya marehemu. Nilitazama jambo hilo nikajiambia, labda.

Chifu alimuuliza kwa heshima aeleze alichokiona. Mzee alisimama. Hakutaka kiti. Alieleza mvua, kijito, ng'ombe mwenye baka jeupe. Sauti yake ilikuwa imepona uzee. Watu walinyamaza kabisa, hata watoto waliokuwa wakichungulia kwenye ukuta.

"Tukafika. Rafiki yangu akasimama mbele ya nkambo yako, baba ya baba yako. Akamulamusa na ile ng'ombe. Nkambo yako akaitika."

Alimwinamia chifu, akakaa. Alikuwa amemaliza.

Mnunuzi aliomba ruhusa ya kuuliza. "Muzee, aksanti. Miye sijue Mashi. Kulamusa njo nini mu Kiswahili?"

"Njo kusalimia."

"Kwa hiyo alikuja kusalimia chef."

"Alikuja kumusalimia."

"Kusalimia tu?"

Mzee alinyoosha mgongo. Alidhani anaulizwa kama rafiki yake alilazimishwa, kama alikuwa mtumwa wa mtu. "Kusalimia tu!" alisema kwa nguvu. "Hakuna mutu alimusukuma. Alitoa na roho yake."

Nilisimama. "Chef, naomba nieleze hilo neno. Zamani..."

"Prof," chifu alisema, bila hasira, "wewe uko ndugu ya mama. Tena wakati ule haukuzaliwa. Kaa."

"Basi aulizwe swali moja tu..."

"Kaa, Prof."

Chifu akauliza mwenyewe. "Muzee, siku ile, chef alisema kitu juu ya shamba?"

"Mbele ya ng'ombe?" Mzee alitabasamu kama mtu anayemsamehe mtoto. "Hapana. Hakusema."

Nilimtazama mshauri aliyemshika mkono. Alijua. Nina hakika alijua, kwa kuwa alikuwa ameinamisha kichwa na alikuwa anakuna kiganja cha mkono mmoja kwa kidole cha mwingine, kama anatoa mwiba. Nilingoja ainue uso. Shamba lake mwenyewe linapakana na mteremko uliouzwa, na sijui alikuwa ameahidiwa nini au anaogopa nini. Hakuinua uso.

Hukumu ilisemwa kabla ya jua kufika katikati. Ng'ombe wa salamu si kalinzi. Chifu alimshukuru shahidi kwa ukweli wake. Shamba lilihesabiwa kuwa bwasa, mama mdogo angevuna maharagwe yaliyo ardhini, kisha angempisha mwenye uwanja. Mnunuzi alimpa mama mdogo mkono. Mama mdogo, kwa kuwa amelelewa vizuri, aliupokea.

Mzee hakuelewa. Masikio yake yalichoka mapema kuliko ulimi, na watu walikuwa wamemzunguka wakimpongeza kwa kumbukumbu yake. Nilipomshika kumteremsha kilimani aliniambia sikioni, "Umeona? Nilibanyamazisha. Sasa mama yako alale."

Mama mdogo alikuwa nyuma yetu. Alinivuta shati.

"Usimwambie," alisema. "Atakufa juu ya ile neno moja. Achana naye."

Sikumwambia. Nilimrudisha Kasha, nikamkabidhi kwa binti yake, nikasikia anaanza kusimulia ushindi wetu kabla hata hajavua koti.

Nilitafuta mlango mwingine. Mwanasheria mmoja ninayemfahamu alinieleza kwamba mahakama ya mjini haikuwa inakaa, milango ilikuwa imefungwa, ningoje mambo yatulie. Nilimuuliza yatatulia lini. Akaniuliza kama mimi si ndiye mwalimu wa historia. Basi nikaandika. Nilikaa nyumbani nikaandika maelezo marefu juu ya neno kulamusa, jinsi lilivyotumika mbele ya chifu na kwa nini. Niliwahoji wazee wengine wanne wa vilima vingine, wote wakathibitisha, mmoja hata akakasirika kwamba jambo la wazi namna ile linahitaji kuulizwa. Nilimpelekea chifu. Alinikaribisha vizuri, aliyasoma yote mbele yangu bila kuruka ukurasa, alipomaliza akayapanga sawasawa juu ya magoti yake.

"Prof, hii ni muzuri sana. Miye sikujua hii. Kweli uiweke mu kitabu."

"Chef, siileti kwa ajili ya kitabu. Mama yangu..."

"Najua." Aliangalia nje. "Tonton, mudogo ya baba yangu, alishakula ile pesa ya ule papa. Nikivunja kesi, nitatoa wapi ya kumurudishia? Na wewe unajua leo nani iko na bunduki, na nani iko rafiki yabo. Nisaidie, Prof. Weka mu kitabu."

Aliniambia hivyo kwa sauti ya mtu anayeomba. Hata sikuweza kumchukia, na hilo lilinichosha zaidi.

Maharagwe yalivunwa wiki ambayo mvua zilikatika. Nilikwenda kusaidia. Wanawake wa jirani walikuja bila kuitwa, pamoja na yule aliyepiga kelele nyuma siku ya kwanza, mwenye migomba iliyooza. Waling'oa wakizungumza habari za arusi na za bei ya chumvi. Hakuna aliyetaja chifu. Mtu mmoja alimtania mama mdogo kwamba sasa anakuwa mama wa mjini, atakuwa anakula mkate kila siku, ananenepa mpaka anashindwa kupita mlangoni. Mama mdogo alijibu kwamba mlango wa mwanawe, yaani mimi, ni mpana. Nilikuwa nimeinama na sikuinuka haraka.

Mafundi wa mnunuzi walikuwa wamekwisha kupigilia vijiti upande wa chini. Walingoja wakiwa wamekaa juu ya mawe, wakivuta sigara. Tulipofika kwenye mstari wa mwisho mmoja wao alizima sigara, akaja kutusaidia kubeba magunia mpaka barabarani. Alisema, "Mama, pole," na mama mdogo akamwambia asante, papa.

Anaishi kwetu sasa, hapa Bagira, katika chumba alichokuwa analala binti yangu mkubwa. Siku za kwanza alikuwa anaamka kabla ya wote na kusimama uani bila kazi. Uani kwetu pana ukubwa wa mikeka miwili. Alitazama ukuta wa jirani, akatazama mfereji, akarudi ndani. Mke wangu, ambaye hajanitania tena juu ya muhogo, alimtafutia vikopo viwili vya kupandia vitunguu. Hakuvigusa.

Jumamosi moja asubuhi nilikuwa nasahihisha kazi za wanafunzi mezani. Alikuja akakaa mbele yangu, akangoja mpaka nikaweka kalamu.

"Hii nyumba yako," alisema, "iko juu ya shamba ya nani?"

"Ni kiwanja, mama. Nilinunua."

"Najua ulinunua. Nauliza mbele. Wewe njo unajua."

Ni kweli, nilikuwa najua. Nilikuwa nimeuliza na kuandika. Kabla Wabelgiji hawajajenga huku nyumba za wafanyakazi, mteremko huu ulikuwa wa ukoo mmoja uliokuwa na ng'ombe na migomba mingi, na kisima chao kilikuwa karibu na mahali panapouzwa makaa leo. Nilimweleza. Nilimtajia ukoo, nikamwonyesha kwa dirisha mipaka ilipopita. Alifuata kidole changu kwa macho, akiitikia kidogo kidogo, kama anayeonyeshwa shamba siku ya pili baada ya kulamusa.

"Na balienda wapi?"

"Nani?"

"Bale benye shamba. Balipoondoshwa. Balienda wapi?"

Nilianza kujibu, nikagundua kwamba hilo sikuwahi kuuliza. Nimewauliza watu wengi juu ya walipotoka watu hao, mifugo yao na miiko yao.

"Sijui, mama," nilimwambia. "Hakuna mwenye aliniambia."

Alitazama tena dirishani, kisha akauliza kama yale maharagwe tuliyokuja nayo yamebaki mengi, au tumeshaanza gunia la mwisho. Nilimwambia tumeshalianza.